Sanduku la Kuchuja Umeme

Jino ndilo lililompeleka Injinia kwenye jengo lile; tamaa ndiyo iliyomrudisha. Akiwa kwenye foleni ya daktari wa meno aliona kiyoyozi kinanguruma huku dirisha likiwa wazi, taa za korido zinawaka saa sita mchana, na mwenye jengo, Mama Kodi, anailaani bili ya umeme mbele ya wapangaji. Maumivu yakapoa hapo hapo. Uinjinia, tuelewane, alijipa mwenyewe. Chuo alikipitia kwa nje.

Kesho yake alirudi na tai, na sanduku la chuma lenye kitaa cha kijani.

"Mama, ukilifunga hili kando ya mita, bili inashuka theluthi nzima. Umeme unaingia mchafu, humu unachujwa."

"Kama unga?"

"Kama unga, mama."

"Lifunge basi, mwanangu. Bili ikishuka nakulipa. Isiposhuka, ulibebe."

Hapo Injinia akaingia choo cha kike. Desturi yake ilikuwa kulipwa kwanza, kisha kuyeyuka. Lakini ghorofa nne si mchezo, akasaini mkataba, akaacha na nakala ya kitambulisho. Ndani ya sanduku mlikuwa na betri na nusu kilo ya mchanga, na mchanga haujawahi kumpunguzia mtu bili. Ikabidi apunguze yeye.

Mwezi mzima akawa anakuja "kukagua mitambo". Alizima taa za korido, akafunga madirisha, akapandisha viyoyozi hadi nyuzi ishirini na nne. Akatengeneza boya la tangi la juu, ambalo ubovu wake uliinyima pampu usingizi. Jasho likamtoka mtu aliyeapa tangu ujana kutofanya kazi.

Bili ikashuka theluthi. Injinia akapanda kwa Mama Kodi, mkono keshautanguliza.

"Hongera, mwanangu. Ila sanduku nililifungua siku ile ile, ungali kwenye ngazi unashuka."

Injinia akaurudisha mkono. "Sasa mama, mbona hukusema?"

"Niseme nini, na kazi unaifanya vizuri hivyo? Kama unadai malipo ya mchanga, twende kituoni tukawaulize polisi."

"Yaishe, mama. Nipe sanduku langu niende zangu."

"Halipo. Nimemuuzia shemeji yangu mwenye hoteli, pamoja na mkataba na kile kitambulisho chako. Nimemwambia linakuja na injinia wake." Akamtazama miguuni. "Kesho vaa raba. Kule ni ghorofa saba, na lifti nimewashauri waizime."