Nadharia Zako Zimehamia Kwangu

Kwa Mhadhiri wa Elimu ya Jamii,
Chuoni.

Mheshimiwa Mwalimu,

Pokea salamu zangu na heshima zote zinazokustahili. Nakuomba uisome barua hii hadi mwisho, maana nimeiandika kwa mkono mmoja, huku wa pili umembeba mtoto mchanga ambaye ukimweka chini anadhani dunia imemkana. Hunijui. Mimi ni dada wa yule mwanafunzi wako mrefu anayekaa kiti cha mbele na kuandika hata unapokohoa. Anaishi kwangu, analala kwenye kochi, na kila jioni anarudi na ulichomfundisha. Zamani alikuwa anarudi na mkate.

Muhula huu umemfundisha kwa nini watu huvunja kanuni za jamii. Sina ugomvi na elimu, hata mimi nilisoma mpaka pale nilipoishia. Tatizo ni kwamba mvunja kanuni aliye karibu naye kuliko wote ni binti yangu wa miaka minne, ambaye juzijuzi alimng'ata mwenzake begani kule chekechea.

Desturi ya chekechea yetu haina makuu. Mtoto akikosa, anasimama na mzazi wake kwenye ngazi ya mlango, anasema "nimekosa", wanapeana mikono na mwenzake, wanaingia darasani. Basi. Lakini mjomba wake, yaani huyo mwanafunzi wako, amemfundisha. Sasa nikimwambia aseme nimekosa, ananitazama kwa huruma na kunijibu, "Mama, ni jamii." Hajui jamii ni nini. Anadhani ni mwanamke fulani anayekaa karibu na soko.

Mwalimu mkuu ametupa hadi Jumatatu. Siku hiyo ikipita bila neno kusemwa, nafasi yake atapewa mtoto mwingine, na mimi nitaacha kazi. Ninashona mapazia kwenye karakana, na msimamizi wetu hataki watoto. Huyu mchanga anamvumilia kwa kuwa bado hajajua mkasi ni nini.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ile nadharia ya malengo na njia. Chekechea ina baiskeli moja ya magurudumu matatu na watoto hawahesabiki; katika kuigombania ndipo bega liling'atwa. Mdogo wangu anasema, "Dada, jamii imempa mtoto lengo, halafu imemnyima njia. Ulitegemea afanye nini?" Nikamjibu kwamba njia ipo, inaitwa kupanga foleni. Akasema foleni ilibuniwa na waliotangulia. Mume wangu, ambaye huziba pancha za malori na hajawahi kukanyaga chuo, alikuwa anasikiliza. Kesho yake nilimtuma sabuni, akarudi mikono mitupu, akanieleza kwamba lengo lilikuwepo, njia ndiyo iliyokosekana.

2. Ile ya kubandikwa majina. Watoto wa chekechea wameanza kumwita binti yangu Mamba, na hapo nakubaliana na wewe, mtoto asiitwe hivyo, hata mimi liliniuma. Lakini mdogo wangu amepiga marufuku majina yote. Siruhusiwi kusema mtukutu, wala mkaidi, wala wewe mtoto wewe, kwa kuwa ukimwita mtu jina atalivaa. Juzi alimimina maziwa kwenye kiatu cha baba yake, nikabaki nasema kwa upole, "Naona kuna maziwa yameingia kiatuni," kana kwamba yalipita njia yakaona mlango uko wazi.

3. Ile inayosema uhalifu hufundishwa na watu wa karibu. Mdogo wangu alifanya uchunguzi kutafuta aliyemfundisha mtoto kung'ata. Alinihoji mimi, akamhoji mume wangu, akamkagua hata mchanga, ambaye ana fizi tupu. Mwisho akagundua kwamba ni bibi yake, yaani mama yetu mzazi, mimi na yeye, kwa kuwa akija hapa humkamata mjukuu na kumng'ata mashavu kwa mchezo akisema atammeza. Mwalimu, kijana alimpigia mama simu akamwambia yeye ndiye chimbuko. Mama akamjibu, "Na wewe nilikung'ata hivyo hivyo mpaka ukaanza shule. Mbona hukujifunza kitu?" Akakata. Mpaka sasa salamu zake zinapitia kwa shangazi.

4. Ile ya vifungo, kwamba mtu huvunja kanuni akiwa hana kinachomfunga na wenzake, na dawa yake ni kumpa wadhifa. Basi binti yangu ameteuliwa na mjomba wake kuwa mlinzi wa sukari. Ulinzi ulikuwa mkali sana. Sisi wengine hatukuiona tena. Nilipouliza, mjomba akaniambia nadharia inahitaji muda. Nikamwambia na chai pia inahitaji kitu.

5. Na hili ndilo lililotuangamiza. Mimi natoka alfajiri, kwa hiyo mdogo wangu ndiye humpeleka mtoto. Akasimama getini mbele ya wazazi wote, akamweleza mwalimu mkuu kwamba jamii inawahitaji wanaovunja kanuni ili wengine wajue mpaka uko wapi, hivyo mtoto wetu, kwa kung'ata, anaitolea chekechea huduma. Mwalimu mkuu ni mama mtu mzima, anasikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Alipomaliza, akamwambia, "Tunashukuru sana kwa huduma hiyo, baba. Sasa ipelekeni kwingine." Ndipo ikawekwa hiyo Jumatatu.

Mwalimu, usinielewe vibaya. Simpigi mwanangu. Akikosa namshika mikono yote miwili, namtazama machoni, namwambia hapana, na hapana yangu hairudi nyuma. Kisha nambusu. Ndiyo nadharia yangu yote. Ilikuwa inafanya kazi vizuri kabla ya kuja yako, ambayo ina hapana kidogo mno.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu:

Kwanza, umwite mdogo wangu ofisini umweleze kwamba hata jamii ikiwa na makosa yake, bega la watu ni bega la watu.

Pili, nadharia hizi zifundishwe tu kwa wanafunzi wasio na wapwa.

Tatu, asihitimu mtu yeyote kabla hajakabidhiwa mtoto wa miaka minne, jozi moja ya viatu vya kufunga kamba, na asubuhi moja yenye mvua. Atakayefika chekechea kwa wakati akiwa bado anailaumu jamii, apewe shahada.

Na kama yote hayo ni mazito, basi Jumatatu nitakuletea binti yangu hapo chuoni, ukae naye kwenye ukumbi wa mihadhara hadi nitoke kazini. Anapenda kukaa mbele. Usiweke mkono karibu.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako na watoto, wasalimie wahadhiri wenzako, hata wanaofundisha mambo yasiyohusu nyumba yangu, na yule anayefagia ukumbi wenu, ambaye naamini ana maoni yake.

Ni mimi, mwenye kukuheshimu na kutolala,
Dada wa Mwanafunzi Wako.

N.B. Mwalimu, barua hii nilikuwa bado sijaituma, na leo ni Jumatatu. Jana jioni nilimpakata binti yangu, nikamuuliza meno yale yalikuwa ya nani. Akayagusa moja moja, akafikiri, akasema ni yake. Leo niliomba ruhusa kazini nikampeleka mwenyewe, akasimama ngazini, akasema nimekosa kwa sauti iliyofika barabarani, akapeana mkono na mwenzake, wakakimbilia baiskeli. Nafasi yake ipo. Nilikuwa karibu kulia.

Sasa mama wa yule mwenzake akaninyooshea kidole, karibu kabisa na uso wangu, akasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Mwalimu, nilikuwa sijalala, mchanga alikuwa analia, na kidole kilikuwa pale pale. Sijui ilikuwaje. Sikung'ata kwa nguvu.

Nimerudi nyumbani nikamwomba mdogo wangu maelezo. Akafunga daftari lake, akasema, "Dada, hapo umekosea tu. Nenda ukaombe radhi." Nadharia tano nimezilisha na kuzilaza humu ndani, na hakuna hata moja iliyosimama upande wangu.

Kwa hiyo yafute maombi yangu yote hapo juu. Nitumie haraka nadharia moja ambayo kosa lote ni la jamii, iwe fupi, maana kesho asubuhi nasimama ngazini mimi. Binti yangu ameahidi kunishika mkono. Anasema haiumi, ukisema haraka.