Sura Nazijua, Majina Sina

Jumatatu, 1 Novemba 1971. Korogwe.

Siku yangu imefika! Gazeti moja la Dar es Salaam linatafuta picha za mwaka wa Uhuru. Mwezi ujao nchi inatimiza miaka kumi, na mhariri, Bwana Habakuki, anaandaa toleo maalumu. Picha hizo anazo nani mjini hapa? Mimi, Mhina, mpiga picha tangu enzi za gavana. Sanduku zima la bati, chini ya kitanda. Laurenti, mwenye studio ng'ambo ya barabara, alihamia hapa mwaka sitini na sita. Ana nini yeye? Picha za vitambulisho.

Nimefungua sanduku. Harufu ya dawa za kusafishia picha, na ya ujana wangu. Bendi ya shamba la mkonge na tarumbeta zake. Watoto wa shule wamepakwa mafuta mpaka wanameta. Nilikaa sakafuni mpaka chai ikapoa. Tulikuwa wembamba sote, na tulicheka kwa meno yote.

Nimempelekea mhariri picha sitini. Zote nzuri, kwa nini nimchagulie? Nimetia na za harusi, na ya mbuzi wa padri. Barua kurasa saba, tano zikihusu maisha yangu.

Jumatano, 10 Novemba.

Jibu! Nusu ukurasa tu. Bwana Habakuki anasema picha sitini ni mzigo wa ghala, si wa meza ya mhariri, na asipelekewe mbuzi tena. Lakini tatu zimemgusa. Mwanamke mbele ya boma la Handeni, anacheka huku analia. Kijana wa Kimasai kule Mkata na ng'ombe aliyefungwa bendera ya karatasi kwenye pembe. Na mzee aliyebeba redio kichwani kwenye maandamano ya hapa Korogwe. Amezirudisha zote. Anataka maelezo kabla ya tarehe ishirini na tano: nani, wapi, lini. Bila majina hachapishi.

Majina! Nimezigeuza picha. Nyuma nyeupe pe. Sura nazijua, majina sina. Viatu vya yule mzee navikumbuka vizuri.

Mke wangu Zuena ameuliza mbona nimenuna. Nimemwambia ni mambo ya kitaalamu. Akaendelea kuchagua mchele.

Alhamisi, 11 Novemba.

Laurenti amekuja kuazima wembe. Ana ndevu tatu tu! Macho yake yako mezani. Nikazikalia picha. Akaniambia, bila kuulizwa, kwamba yeye huandika majina nyuma ya kila picha siku ile ile, kwa penseli. Nikamwambia angefaa kuwa karani wa mahakama. Akauliza kama nasafiri. Nikasema sisafiri. Kisha nikatoka kwenda kuulizia basi la Handeni, naye akanisindikiza mpaka stendi.

Jumamosi, 13 Novemba. Handeni.

Mwaka sitini na moja niliipita njia hii kwa baiskeli, kamera mgongoni. Kila kijiji walinikaribisha togwa na kuniuliza kama ni kweli. Kweli nini? Kweli tu. Sote tulielewa. Leo nimekula vumbi tangu Korogwe, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Nimebeba picha zote tatu na negativu zake, zile filamu za kutolea nakala, Laurenti asije akaingia dukani kwangu. Sokoni muuza tumbaku amemtambua mwanamke: Bi Hajira. Alihamia kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Sindeni. Kesho nipo huko.

Jumapili, 14 Novemba. Sindeni.

Kijijini hapa mtu asiye na jembe hana wa kuongea naye. Wote shambani. Nimelima mihogo ya ujamaa mpaka alasiri. Malengelenge manne. Mwenyekiti amesema mistari yangu inafanana na njia ya nyoka.

Jioni wakanipeleka kwa Bi Hajira. Mvi zimemjaa. Nikamwamkia, nikampa picha. Hakujitazama. Alitazama nyuma ya bega lake pale pichani, kwa mwanamume wa kanzu aliyetokea nusu uso.

"Mbaruku," alisema. "Mume wangu."

Alifariki mwaka sitini na nne. Hakuwahi kupigwa picha nyingine. Mtoto wao wa mwisho hajui baba yake alifananaje. Bi Hajira akaniomba abaki nayo. Nikamweleza kwa upole kwamba inasubiriwa Dar es Salaam, na mhariri.

"Huyo mhariri," akauliza, "alimjua Mbaruku?"

Nimempa. Na negativu nimempa, nikimwambia hiyo ndiyo mbegu, aitunze. Mjinga mimi! Picha bora ya maisha yangu, nimeiacha kwenye kikapu cha ukindu! Lakini aliiweka kifuani kwa mikono miwili. Ningemnyang'anyaje?

Jumanne, 16 Novemba. Mkata.

Nimempata Mzee Tiampati, mfugaji anayejua kila boma la upande huu. Akaishika picha, uso ukamng'aa. Amemjua! Ng'ombe. Akanieleza mama yake, bibi yake, ukame uliomwacha hai, na ndama zake saba. Nilijaza kurasa mbili. Na kijana aliyemshika? Mzee akatazama tena. Akasema hamjui, ila amesimama vibaya, ng'ombe yule hakupenda kushikwa shingoni.

Mkewe, Mama Naeku, akachungulia begani mwake. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Ni wewe!"

Mzee akakataa. Akamwita jirani. Ni yeye, miaka kumi nyuma, kabla hajaingia uzeeni. Akapapasa shavu lake, kisha lile la kwenye karatasi. Akasema hakujua kama aliwahi kuwa kijana mzuri namna hiyo. Mkewe hakuwahi kumwambia. Mama Naeku akasema asingemwambia, angemringia.

Alhamisi, 18 Novemba. Korogwe.

Mzee wa redio, hakuna. Nimeuliza stesheni, sokoni, msikitini. Nimerudi nyumbani na kuitupa picha mezani. Zuena akapita na sufuria. Akasema huyo si Mzee Shemdoe, fundi cherehani wa Manundu, baba yake Rosina?

Nikafungua sanduku. Akataja watu arobaini na mmoja bila kukaa. Huyu alioa wapi, yule alihamia Hale, yule ni marehemu, Mungu amrehemu. Hata Bi Hajira, nilipomsimulia tu picha ya Handeni! Aliwahi kununua vyungu kwake. Nikamuuliza mbona alinyamaza siku zote hizi. Akasema nilimwambia ni mambo ya kitaalamu.

Alitaka tuyaandike majina hayo. Nimechoka na safari. Tutaandika kesho.

Jumamosi, 20 Novemba.

Zimebaki picha mbili na zote zina majina. Nimempelekea Bwana Habakuki, nikimwahidi kwamba hakuna mwingine atakayezipata. Kisha nikawaza. Kwa nini mawindo yaliwe na mtu mmoja? Liko jarida la akina mama, mhariri wake Bi Grasiana. Nimempelekea picha zile zile, nikimwahidi kwamba hakuna mwingine atakayezipata. Akili!

Laurenti alikuja kurudisha wembe. Nikamsimulia habari za Bi Hajira, mpaka jina la kijiji, ili aone nilivyo mkarimu. Akasikiliza sana.

Jumatatu, 29 Novemba.

Barua moja, sahihi mbili. Bi Grasiana ni mke wa Bwana Habakuki. Walizifungua bahasha zangu kwenye meza moja ya chai. Hawachapishi hata moja.

Nimelala mchana kutwa. Zuena ameniletea uji, akarudi kuchagua mchele. Afadhali angesema.

Alhamisi, 9 Desemba.

Sherehe! Miaka kumi! Nimejiapiza kutosoma gazeti. Saa nane Laurenti akaja nalo, amelikunja kwapani, akalifungua mbele yangu.

Ukurasa wa kati. Bi Hajira ameketi mlangoni, mtoto wake amemwegemea, na mkononi ameshika ile picha. Laurenti alikwenda Sindeni. Chini yake majina yote: Hajira, mtoto, marehemu Mbaruku. Na mwisho: "Picha ya zamani ilipigwa na Mhina wa Korogwe."

Nikataka kumtukana. Nikasoma tena jina langu. Nikamwambia akae, Zuena akamletea chai. Akakiri kwamba alilima siku mbili kabla ya kupiga picha moja. Sote wawili tukautazama nusu uso wa Mbaruku, na mimi nikaikumbuka asubuhi ile mbele ya boma: kumbe alikuwa akimtazama mkewe.

Ijumaa, 10 Desemba.

Jana nilipiga mikanda mitatu. Wazee wa TANU, wasichana wa gwaride, mama aliyecheza ngoma na mtoto mgongoni mpaka akampita mpiga ngoma. Uhuru ukitimiza miaka ishirini, zitakuwa hazina kubwa! Nimekwisha kuwaandikia wahariri watano, kila mmoja peke yake.

Zuena ameuliza kama nimeandika majina. Nimemwambia sura za jana tu, nani atazisahau? Huyu wa mbele, kwa mfano, aliyevaa kofia, tuliongea nusu saa nzima. Anaitwa... Anatoka Mombo. Au Magoma. Ana sauti nzuri sana.