Joëlle Atakula Kwangu Kwanza

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa sita

Simu kutoka Ubelgiji! Joëlle, mutoto wa binti yangu, anafika Jumapili na ndege. Nimelia. Nimecheza. Nimeunguza muchele.

Kisha akasema: Koko, nyanya yangu, nikuambie mapema, mimi sili tena nyama. Nikasema vizuri, nitapika samaki. Akasema hata samaki. Nikasema basi kuku. Akasema kuku naye njo nyama. Nikamuuliza nani amemuroga kule kwa wazungu. Akacheka mupaka laini ikakatika.

Chakula si hatari. Hatari ni Anne, mama ya baba yake. Katika familia yetu, mugeni analala kule alikula kwanza. Joëlle akila kwa Anne, valizi yake inaingia kwa Anne, na mimi nitamuona vile watu wanaona askofu: kwa mbali, akipunga mukono.

Mutoto huyu nilimubeba mugongoni katika pori wakati wa vita. Marehemu mume wangu alimuita muke wake mudogo, kwa hiyo mimi namuita mbanda wangu, muke mwenza. Mbanda analala kwangu. Imeisha.

Jumanne, tarehe 4

Kumbe duka ya chakula kama chake iko! Gédéon, kijana aliyekulia mulango wa pili na nyumba yangu, amerudi kutoka Bruxelles na kufungua duka kule mutaa wa Mikelenge, hapa hapa Kindu. Haiuzi kitu chochote chenye kilikuwa na mama. Tena haina sashe ya plastiki wala karatasi. Kila mutu anakuja na chombo chake. Nikafurahi. Vyombo ninavyo.

Nikamwambia Gédéon kama duka yake naijua. Wakati wa vita, mji ulipozungukwa, tulikula majani bila nyama, bila samaki, bila chumvi, na kila kitu tulifungia katika jani. Hakuna aliyetuambia kama ni duka. Akasema ile ilikuwa tofauti, Koko. Nikauliza tofauti yake ni gani. Akafikiri sana. Akasema: hapa watu wanachagua.

Nikamupa vyombo. Ni kijana wa heshima, lakini mara moja moja anasema kitu.

Kisha akafungua bidon, dumu yangu ya zamani, akaingiza pua. Macho yakatoa machozi. Ile bidon ilibeba ndakala, dagaa kavu, miaka mingi. Akafungua kopo. Kopo ni ya makayabu, samaki ya chumvi. Akafungua sufuria, akaifunika haraka kama mutu aliyekuta wenyewe wanaoga. Akaniambia kwa adabu yote nirudi nyumbani nisafishe. Nikamwambia ile si uchafu, ni utamu unaongoja. Hakukubali. Shule imemuharibu. Mimi shule sikuikanyaga, herufi nilifundishwa na mama za kanisa nikiwa tayari na wajukuu, na pua yangu iko sawa.

Jumatano, tarehe 5

Nimesugua vyombo na majivu, muchanga, ndimu. Nimevianika. Nikatoka kichwa juu.

Paka ya jirani ikanifuata. Njiani ikaungana na paka mwingine. Tukafika watatu. Mumoja akaingia duka na kulala juu ya gunia ya maharagwe. Gédéon akauliza kama wako pamoja na mimi. Nikasema siwajui.

Akapima maharagwe kwa balansi. Nikangoja nyongeza. Sokoni mama anajaza kopo mupaka inakuwa kilima, kisha anatupia mukono mumoja juu, kisha vidole vitatu kwa ajili ya mutoto wa nyumbani. Njo ubinadamu. Huyu alipima, akafunika, akanitazama. Mimi pia nikamutazama. Watu wakajipanga nyuma yangu. Akauliza nangoja nini. Nikauliza ni mwanamuke gani alimuzaa, na kama anajua vile mutoto wake anafanya. Mutu mumoja nyuma akasema Koko, tunachelewa. Nikamwambia achelewe vizuri.

Mwisho akaongeza punje moja. Moja! Na ile ni kwa sababu balansi ilitaka.

Mabaya zaidi. Nikitoka, nakuta Anne mulangoni amekaa juu ya gunia kama sultani. Maharagwe ya duka yote, sombe yote ya majani ya muhogo, karanga yote, ni ya shamba lake. Yeye njo anamuletea Gédéon! Akasema asante kwa kununua kwangu, Mama Albertine, kumbe umeanza kula vizuri uzeeni. Nikamwambia maharagwe yake yana wadudu. Akasema basi usimupe Joëlle, hali wadudu.

Nilirudi na maharagwe ya adui ndani ya bidon. Paka walinisindikiza.

Ijumaa, tarehe 7

Akili imerudi. Nimemukuta Anne kisimani. Nikamwambia kwa sauti ya huruma kama Joëlle amebadilika: sasa anakula mbuzi tu. Asubuhi mbuzi, jioni mbuzi. Anaota mbuzi. Anne akanishika mikono miwili. Akasema wewe ni dada, leo hii nanunua mbuzi.

Nilisikia aibu kidogo. Nikala, ikapita.

Jumamosi, tarehe 8

Majaribio. Nimepika sombe bila samaki. Nimeweka mafuta ya mawese, vitunguu, karanga, kila kitu ya duka. Nimemuita Mamy, jirani mwenye paka, aonje. Akatafuna pole pole. Akauliza nani amekufa.

Siwezi kumupa mbanda wangu chakula cha matanga.

Nimekaa, nimefikiri. Niko na mbinzo za kukauka juu ya moto. Mbinzo ni kiwavi. Kiwavi anakula nini? Majani. Kutoka kuzaliwa mupaka sufuria, majani tu. Basi kiwavi ni nini? Ni jani lenye linatembea. Hata Gédéon hawezi kubisha.

Nimezitwanga zikawa unga. Nimeweka katika sombe. Mamy ameonja tena. Ameomba sahani.

Jumapili, tarehe 9

Siku kubwa. Siku mbaya.

Kiwanja cha ndege, Anne yuko pale na wimbo na wanawake wa kuimba. Joëlle akatoka. Mwembamba! Nilimushika, nikasikia mifupa yake, nikalia juu ya shingo yake. Naye akalia. Mimi nikakamata valizi upande wa kushoto, Anne upande wa kuume. Joëlle akasema koko zangu, nitakula kote kuwili, tuanzie nyumba ya karibu. Ya karibu ni yangu. Nilimutazama Anne kwa upole.

Akakaa. Akaonja sombe. Akafunga macho. Akasema Koko, hii njo ladha ya utoto wangu. Akaomba tena. Anne, aliyejileta mwenyewe, akawa kama nguo iliyonyeshewa.

Katika sahani ya pili Joëlle akaacha kutafuna. Akatoa kitu kidogo kwenye ulimi. Kichwa cha mbinzo. Kizima. Kinu changu ni cha zamani.

Watu wote wakasogea kuangalia. Nikasema: jani. Joëlle akauliza, jani lenye macho? Nikasema sombe ya Kindu inaona.

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Aliweka kijiko chini pole pole, akasema Koko, nilikuomba kitu kimoja.

Tukaenda kwa Anne. Kulikuwa maharagwe, ndizi, chumvi. Basi. Mbuzi alikuwapo, muzima, na utepe shingoni. Anne alikuwa amemupigia Joëlle simu tangu Ijumaa, akajua ukweli. Ni zawadi, akasema, Mama Albertine njo alinipa wazo. Joëlle akamukumbatia mbuzi. Valizi ikaingia kwa Anne.

Nimerudi peke yangu. Nimekula sufuria nzima ya sombe. Ilikuwa tamu sana, na hiyo njo iliniuma.

Jumatatu, tarehe 10

Asubuhi mutu akabisha. Joëlle! Akaingia jikoni, akavuta kiti kidogo, akakamata muchi na kuanza kutwanga sombe. Anatwanga kama muzungu. Nikamushika mikono, nikamuonyesha tena. Tukatwanga pamoja.

Nikamwambia nilikosa. Nikamwambia niliogopa atakuja mupaka Kindu na mimi nisimupate. Akasema Koko wewe ni mujinga, nani alikuambia mimi nahesabu sahani? Nikasema mimi njo nahesabu. Akacheka, akalia, akasema atakuja kulala kwangu leo mupaka siku ya kurudi, lakini kwanza niape.

Nikaapa kwa jina la marehemu mume wangu: katika chakula chake hakuna nyama, hakuna samaki, hakuna mbinzo. Na nitashika. Mimi nikiapa, naapa.

Valizi imefika. Amelala sasa, mudomo wazi kama zamani. Mwembamba vile! Mifupa inaonekana hata chini ya shuka.

Kuku ya Mamy imetaga nyuma ya jikoni yangu. Kesho asubuhi nitapika ndizi, na katika ndizi nitavunja kitu kidogo, nikoroge sana. Katika kiapo yai halikutajwa. Na yai si nyama. Bado halijaamua.