Nyumbu Kumi na Wawili wa Kwaresima

Jumapili, 9 Februari 1975

Leo nimepanda cheo. Mbele ya kanisa zima!

Katekista Benedikto aliuliza Kwaresima hii tutamtolea Mungu nini. Watu wakatazama vidole vya miguu. Nikasimama. Nikasema tusiishie kuacha nyama siku ya Ijumaa kama watu wa mjini. Tuache nyama Kwaresima nzima, hadi Pasaka! Makofi. Benedikto akaandika familia zote thelathini na moja kwenye daftari lake.

Siri yake naiandika hapa tu. Kijiji hakijaonja nyama tangu Krismasi, na ya Krismasi ilikuwa kuku mmoja kwa nyumba kumi. Kuacha kitu usichokuwa nacho hakuumi. Nashangaa hakuna mwingine aliyeliona hilo.

Aliyenifanya nisimame ni Mzee Dominiko. Ni mjomba wake Theresia, msichana ninayetaka kumwoa, na kwetu Waluguru mjomba akikataa hakuna harusi. Tangu tuteremshwe kutoka Mgeta kuja kijiji hiki cha Ujamaa, huku tambarare ya Mkata, nimemwomba mara mbili. Mara ya kwanza alisema mimi ni mwepesi wa maneno. Mara ya pili alikohoa tu.

Leo amenipa mkono. Mkavu, lakini mkono.

Jumatatu, 10 Februari

Balaa.

Land Rover ya serikali, na lori nyuma yake. Bwana Nyama, afisa wa wanyamapori, amefika kutoka Morogoro mjini. Mchaga, Mlutheri, miwani, mpole. Mkononi ana barua. Mwandiko niliutambua kabla hajashuka garini. Wangu!

Mwezi wa nane mwaka jana niliandika kwamba nyumbu na pundamilia wa hapa wamefika elfu nne, majani yamekwisha, wanaingia mashambani, serikali ije iwapunguze na nyama tugawiwe. Sikujibiwa. Nikasahau. Serikali yenyewe haikusahau. Imejibu siku mbili kabla ya Jumatano ya Majivu.

Juu ya ile elfu nne, niseme ukweli. Nilikaa juu ya kichuguu siku tatu nikihesabu. Siku ya nne, barua imeshakwenda, nikaanza kuchora mistari ya matako ya pundamilia, nione kama inafanana. Haifanani! Kila mmoja na wake. Ndipo nikagundua kwamba jike mmoja mwenye mstari uliokatika kama ngazi nimemhesabu mara kumi na moja. Elimu nzuri sana, ila ilichelewa.

Wakatoliki wamenitazama. Familia thelathini na moja, macho mawili mawili. Zile nyumba ishirini na mbili za Waislamu wanacheka tu, wao hawakuahidi kitu. Salum mchinjaji amenishukuru mbele za watu. Salum ni Mnyamwezi, aliletwa huku enzi za manamba kukata mkonge, na Mnyamwezi na Mluguru ni watani, kwa hiyo hana breki kwangu. Amesema Mungu azidi kuwapa Waluguru imani, na Wanyamwezi azidi kuwapa minofu.

Sasa dawa ni moja. Bwana Nyama aone wanyama ni wachache, aende zake, arudi baada ya Pasaka. Jioni nimechukua debe na mwiko, nikaenda upande wa mashariki wanakolisha, nikapiga. Wamekimbia vizuri mno. Nyumbu akitimua mbio hurusha miguu ya nyuma pembeni, kama mtu aliyekanyaga siafu. Sijui kwa nini. Nitachunguza.

Jumanne, 11 Februari

Sikujiuliza wanakimbilia wapi.

Shamba la kijiji! Asubuhi kundi zima lilikuwa katikati ya mahindi, limetulia kama limealikwa. Ekari nne zimekwenda. Bwana Nyama alipanda juu ya Land Rover akawahesabu kwa kidude cha kubofya kwa kidole gumba. Mia tisa na arobaini. Akasema si elfu nne, lakini vuli haikunyesha na majani ya hapa yanatosha mia sita tu. Wasipopunguzwa, njaa itawapunguza yenyewe, na njaa haichagui. Jumamosi asubuhi ataanza na nyumbu kumi na wawili.

Nikamwuliza yeye anachaguaje. Kwa kweli nilitaka kujua. Akasema madume wazee waliotengwa na kundi, wanaosimama peke yao. Hawazai, wanakula tu na kukohoa. Nikajikuta namtazama Mzee Dominiko. Nikafunga daftari.

Mwenyekiti wa kijiji akauliza nani alikuwa anapiga debe jana jioni. Nikasema hata mimi nilisikia.

Bwana Nyama ameiona michoro yangu ya matako. Ameigeuza geuza sana. Amesema chuoni kwao hakuna kitu kama hiki, na amenifanya msaidizi wake. Bila mshahara.

Jumatano, 12 Februari. Majivu

Padre alisema mengi juu ya mavumbi. Mimi nilikuwa nafikiria Jumamosi.

Mambo yako hivi. Bwana Nyama akipiga, Salum hukimbia na kisu amuwahi mnyama angali hai, amchinje. Hapo Mwislamu anakula na Mkristo anakula. Ndivyo tulivyokubaliana tangu kijiji kianze, kisu kimoja kwa wote. Lakini safari hii Mkristo amefungwa mdomo, na aliyemfunga ni mimi. Waislamu watakula nyumbu kumi na wawili. Sisi tutakula mchicha na kunusa.

Mlangoni mwa kanisa Martina, mama wa watoto saba, amenishika shati. Amesema wanawe wanauliza huyo Kasimiri ni nani, na Jumamosi atawaleta wamwone vizuri. Mzee Dominiko amepita bila kunipa mkono.

Niliporudi nyumbani, majivu yakiwa bado kwenye paji la uso, wazo likanijia. Zuri mpaka nikakaa chini.

Je, Salum asipowahi? Nyama itakuwa si halali, Waislamu hawataigusa. Wakatoliki nao hawataigusa, kwa kuwa ni Kwaresima. Basi itabanikwa juu ya moto na kutunzwa ghalani. Ufunguo atakaa nao nani? Msaidizi! Pasaka ikifika, nyumbu wote kumi na wawili ni wa Wakatoliki peke yao, na paja zima linakwenda kwa Mzee Dominiko. Thelathini na moja watanibeba juu juu.

Akili kama hii kuilimisha mihogo ni hasara kwa taifa.

Alhamisi, 13 Februari

Kazi imefanyika kabla jua halijachoma.

Nimemshauri Bwana Nyama asingoje Jumamosi. Kundi limeshtuka, linaweza kuhama. Apige kesho Ijumaa saa saba mchana, wakati nyumbu wamesimama kivulini wakisinzia. Hilo la kusinzia ni kweli, nimelichunguza mwenyewe. Akaandika kwenye kitabu chake. Mlutheri wa watu, hakukumbuka kwamba saa saba ya Ijumaa Salum yuko msikitini.

Akaniagiza nimjulishe Salum. Nimemjulisha. Kwa maandishi. Nimebandika karatasi mlangoni kwake, wino mweusi, tarehe na sahihi. Salum hajui kusoma. Huyo ni adui ujinga, mimi simo.

Saa kumi nimekwenda darasa la elimu ya watu wazima. Mwalimu ni Theresia. Mimi kusoma nilijifundisha zamani kwa magazeti yaliyofungia vitumbua, lakini huwa nakwenda, nakaa benchi la mbele, najifanya herufi inanishinda ili aje aishike penseli pamoja na mkono wangu. Leo nikakuta Salum ameikamata ile karatasi! Ameileta afanyie mazoezi.

Sijapata kutoka jasho vile kwa sababu ya kusoma. Darasa zima likaimba pamoja naye. Sa-lu-mu. Ke-sho. I-ju-ma-a. Akafika kwenye sa-a, akakwama. Akamwomba Theresia amalizie. Theresia akaisoma karatasi yote kwa kimya, akanitazama mimi, akairudisha. Akamwambia Salum, mzee, utamalizia mwenyewe Jumatatu, ndiyo elimu. Halafu akamshauri kisu chake akinoe leo leo, kisingoje Jumamosi.

Kwa nini aseme hivyo? Mwanamke wa ajabu. Ndiyo maana namtaka.

Ijumaa, 14 Februari

Naandika nikiwa nimefunga mlango.

Saa saba kamili risasi ya kwanza. Nimeona kitu nisichokijua. Nyumbu aliyepigwa moyoni haanguki papo hapo. Hukimbia kwanza. Nilihesabu hatua thelathini na nne. Ni kama miguu haijapelekewa habari. Wa kwanza, wa pili, wa tano. Kila mara natazama njia ya msikitini. Hakuna mtu. Wa kumi na moja. Hakuna mtu! Nikaanza kupima kwa macho miti ya kujengea vichanja vya kubanikia.

Wa kumi na mbili alikuwa mzee sana, pembe moja. Alipigwa akakaa chini taratibu, kama mtu anayetafuta kigoda. Ndipo nikamwona Salum. Umri wake hamsini na sita! Kanzu ameikunja kiunoni, kofia ameing'ata kwa meno, kisu juu, na msikiti mzima nyuma yake. Swala imekwisha na kisu kimenolewa. Alimwahi yule mzee mwenzake akiwa bado anapumua.

Kumi na mmoja si halali. Mmoja halali.

Bwana Nyama akauliza hawa kumi na mmoja ni wa nani. Waislamu wakasema si wetu. Benedikto akafungua daftari la ahadi, akamwonyesha majina yote, la kwanza langu. Bwana Nyama akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hapo nikajitokeza. Nikaeleza juu ya vichanja, moshi, ghala, na ufunguo. Nilieleza vizuri. Akasema nyama ya serikali inaliwa au inachukuliwa siku hiyo hiyo. Hawezi kutundika nyumbu kumi na mmoja ghalani hadi mwisho wa Machi kwa ajili ya fisi.

Lori likarudishwa nyuma. Wanaume wa dini zote mbili wakapakia pamoja, bega kwa bega, bila kuambiwa. Umoja wa namna ile sijauona hapa tangu tuhamishwe. Nyama yote imekwenda mjini kwa kantini ya kiwanda. Bwana Nyama na dereva walichoma maini kando ya njia, wakanikaribisha. Mzee Dominiko alikuwa anatazama. Nikasema nimeshiba.

Martina alileta watoto wote saba. Akawapanga mstari. Akaninyooshea kidole, akawaambia, shikeni sura.

Jioni upepo umetoka upande wa kwa Salum. Nyama choma. Upande wetu madirisha yamefungwa yote, na joto hili! Kisha hodi. Salum mwenyewe, midomo inang'aa mafuta. Amesema sheria ya utani ni kwamba mtani hawezi kulala bila fungu. Akanikabidhi mkia. Mkia tu! Akasema, chukua, Mluguru wangu, uwe unafukuzia inzi kwenye mchicha.

Jumamosi, 15 Februari

Nilikwenda kwa Mzee Dominiko kueleza kwamba kosa lilikuwa la Bwana Nyama. Mkia nilikuwa nao mkononi, nimekosa pa kuutupa. Nikasema shikamoo. Hakuitikia.

Alikuwa anautazama mkia.

Akanyoosha mkono, akauchukua. Nywele nyeusi, ndefu, hazina hata damu. Akaupunga kushoto. Akaupunga kulia. Inzi wawili wakahama. Akasema baba yake alikuwa na usinga wa mkia wa nyumbu, akauachia yeye, na ulipotea siku ya kuhama, kwenye lori, katikati ya masufuria ya watu. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na watu wamepoteza nyumba?

Akaniuliza nimeupata vipi. Nikasema nimeupanga tangu mwezi wa nane.

Akakohoa. Lakini kikohozi kingine, cha ndani. Akasema kijiji kizima kilikuwa kinawaza minofu, na mtu mmoja tu ndiye aliyemletea kitu kisichovunja Kwaresima. Akasema washenga wangu waje Jumamosi ya tarehe moja Machi!

Theresia alikuwa nyuma ya mlango, anacheka kwenye kanga. Mjomba wake akamwita, akamwambia aloweke mtama wote uliobaki. Nikaandika: mtama. Sikuandika ni wa nini, nilikuwa tayari nachagua washenga. Nikiwa naondoka Theresia akaniambia kwa sauti ya chini nikamwamkie Salum kwa heshima, na kwa muda nijaribu kukaa kimya.

Kukaa kimya! Wakati ndiyo kwanza nyota yangu inang'aa!

Jumapili, 16 Februari

Kanisani hawakuniachia nafasi kwenye benchi. Nimesimama ukutani, Martina ananitazama kama mtu anayenidai. Lakini mbele kabisa ameketi Mzee Dominiko na usinga wake mapajani, ameketi wima kama chifu. Nikaona huu ndio wakati wa kumdhihirishia kwamba hakukosea.

Benedikto akauliza kama kuna mwenye neno. Nikapita mbele. Nikaomba radhi kidogo. Kisha nikasema kwa malipizi yangu, na kwa faida ya wote, tuongeze. Pombe nayo tuiache, hadi Pasaka! Nilikuwa nimeshapiga hesabu: mahindi yameliwa na nyumbu, hakuna nyumba yenye hata kibuyu kimoja, hakuna atakayeumia. Makofi yalikuwa machache, lakini mikono iliinuka yote thelathini na moja, tena upesi, huku wakimtazama Mzee Dominiko. Benedikto akaandika.

Theresia akafunika uso kwa kanga. Safari hii hakuwa anacheka.

Mzee Dominiko akainuka taratibu. Akapunga usinga mara moja, kanisa likanyamaza. Akasema yeye ni mtu mzima na ahadi ameisikia. Anataka kuuliza jambo moja tu. Mtama uliokwisha kulowekwa kwa ajili ya pombe ya kupokea washenga, sasa unaweza kufanywa kitu gani kingine?

Watu wote wakanigeukia.

Mimi nimeshapata wazo.