Malalamiko Kuhusu Ushindi Uliopatikana Bila Akidi

Kwa Ndugu Mwenyekiti,
Chama cha Walimu Wastaafu,
Huko uliko kwa mwanao.

Ijumaa asubuhi, kwa mkono wa mjumbe, ikufikie leo hii.

Ndugu Mwenyekiti,

Kosa wanalolifanya watu wengi katika michezo ya vita ni kuharakisha. Wakimwona adui tu, vidole vinawawasha. Sisi wa chama hiki hatukulifanya kosa hilo, na kwa wiki saba mfululizo hakuna aliyeweza kutushinda, kwa kuwa kwa wiki saba hatukusogea. Leo nakuandikia kwa masikitiko kwamba sifa hiyo imepotea. Jana, saa nne na nusu asubuhi, tumeshinda.

Naomba nieleze kwa utaratibu, maana ulipoondoka kwenda kumwona mjukuu hali ilikuwa shwari. Utakumbuka kwamba ule mchezo wa majitu ya chuma tuliletewa na binti yangu kutoka Japani, pamoja na mtambo wake wa kuchomeka kwenye televisheni, ili tusishinde tukihesabu nzi. Maandishi yake yote ni ya Kijapani na hatujui hata herufi moja, lakini sheria zinaeleweka kwa kutazama, kama drafti. Uwanja umegawanywa miraba. Wewe unasogeza majitu yako kumi, moja moja. Ukimaliza, adui naye anasogeza yake. Na hapa ndipo penye hekima: mpaka ubonyeze kitufe cha kumaliza zamu, adui hafanyi lolote. Anasimama pale, bunduki begani, anangoja. Unaweza kwenda kunywa chai. Unaweza kwenda kung'oa jino. Nimefundisha miaka thelathini na nne na sijapata kuona darasa lenye nidhamu hiyo.

Ndiyo maana tuliamua kwa kauli moja kucheza kama chama. Kila mwendo wa jitu uwe na mtoa hoja, mwunga mkono, mjadala na kura. Vikao Jumanne na Alhamisi. Akidi watu saba kati ya kumi na mmoja. Mwalimu wa Jiografia aliuchora uwanja wote ubaoni kwa chaki za rangi. Kazi ilikwenda vizuri mpaka Jitu Namba Saba lilipobanwa.

Namba Saba unalijua. Ni lile jeupe linaloendeshwa na rubani mwanamke mwenye nywele fupi, ambaye Desimali, mwalimu wetu wa Hesabu, humwita "binti yangu". Alikuwa amebakiwa na alama kumi na mbili za uhai kati ya elfu mbili. Pande tatu maadui, upande wa nne wazi, lakini hana mafuta ya kutembea hata mraba mmoja. Desimali alipiga hesabu nyuma ya daftari la mahudhurio, akathibitisha kwamba tukimaliza zamu bila kumsaidia, amekwisha, na katika mchezo huu rubani akifa harudi. Kwa uzito wa jambo lenyewe, tukaunda kamati ndogo.

Desimali alikuwa na haraka yake, sikatai. Kesho Jumamosi anahamia kwa mwanawe, mwendo wa siku mbili, na kwa macho yake yalivyo na magoti yalivyo, sote tunajua si safari ya kwenda na kurudi. Jumanne alinishika mkono mlangoni, akaniuliza, "Katibu, ina maana nitaondoka bila kujua kama yule mtoto kapona?" Nikamjibu kama Katibu anavyopaswa kujibu, kwamba suala lake liko kwenye ngazi husika.

Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Akidi. Jana tulihudhuria watu wanane. Watatu walitoka kwenda stoo kutafuta chaki nyekundu, kwa kuwa maadui wa ubaoni walikuwa wamefutika. Wakabaki watano. Watano, Ndugu Mwenyekiti, hawana mamlaka hata ya kufungua dirisha.

2. Aliyecheza si mwalimu. Ni Bibi Mpishi. Tulimpa uanachama mshiriki kwa heshima ya miaka yake ishirini na tisa katika jiko la shule, na katiba iko wazi kwamba mwanachama mshiriki anaruhusiwa kusikiliza na kutabasamu. Badala yake alisimama katikati ya hoja ya Mwalimu wa Historia, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amefika chanzo cha tatu cha mgogoro, akasema, "Walimu, hebu nielimisheni. Sufuria ikianza kufurika, nyie huitisha kikao au huondoa kifuniko?" Mwalimu wa Historia akamjibu, "Mama, vita si maharage." Naye akasema, "Kweli, baba. Maharage yangekuwa yameshaoza." Kisha pedi ya kuchezea, ile yenye vitufe, ikaonekana mkononi mwake.

3. Matumizi mabaya ya Mtunza Stoo. Jitu Namba Kumi, lile nene la mizigo, tulikwisha kulipitisha kwa kura kuwa Mtunza Stoo, lisiende vitani kamwe, maana ndilo lenye mafuta yetu yote na silaha yake haizidi kijiko. Bibi Mpishi alilipeleka moja kwa moja mstari wa mbele. Nilimwonya. Akasema, "Mwenye chakula hajifichi nyuma, mwalimu. Wenye njaa wako mbele." Akalisimamisha ule upande uliokuwa wazi, akamjaza binti mafuta, akamtoa pale kwa kumpitisha mgongoni mwa lile nene, na nene lenyewe akaliacha limeziba njia kama mlango. Halafu, bila hoja wala kura, akabonyeza kumaliza zamu. Wiki saba za kamati ndogo, kwa kidole gumba kimoja.

4. Haki za adui. Wale watatu walikuwa wametungojea wiki saba bila manung'uniko. Ujirani ulikuwa umejengeka. Mwalimu wa Muziki alikuwa akiwaamkia kila akiingia. Katiba yetu inataka notisi ya siku kumi na nne kabla ya jambo lolote kubwa, nao hawakupewa hata dakika. Walilipiga lile nene, kila mmoja pigo lake. Halikuanguka. Lilibaki limesimama linafuka moshi kama jiko la kuni mbichi, na zamu yetu ilipofika, Namba Saba akarudi kwa nyuma yao na mafuta tele. Sitaeleza zaidi, maana hapo ulipo kuna mtoto mchanga.

5. Utovu wa nidhamu. Mwalimu wa Jiografia alipanda juu ya kiti, na goti lile unalolijua. Mwalimu wa Historia alimkumbatia Bibi Mpishi huku akisisitiza kwamba bado ana hoja. Kwenye kioo akatokea rubani wa nywele fupi, amevua kofia yake ya chuma, anaongea Kijapani kwa furaha, nasi hatuambulii neno. Desimali alivuta kiti mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Akasema, "Kapona." Akarudia, "Kapona, jamani. Binti kapona," mara nyingi kiasi kwamba nilishindwa kuzinakili katika kumbukumbu za kikao. Mtu wa hesabu angetosheka na mara moja.

6. Hili ndilo zito. Tumeshinda, kwa hiyo hatuna ajenda. Jumanne ijayo ilikuwa imepangiwa mwendo wa Jitu Namba Mbili, na kwa kasi yetu ningeweza kukuhakikishia vikao mpaka mwaka kesho kutwa. Chama kilichokwisha kushinda kitakutana kwa sababu gani? Watu watabaki nyumbani. Wakibaki nyumbani watazeeka. Kwa hiyo Bibi Mpishi, kwa kumwokoa rubani mmoja wa kuchorwa, amewatia hatarini walimu kumi na mmoja wa kweli, ukiwemo wewe.

Kwa hayo naomba ushindi ubatilishwe. Turejee kwenye hifadhi ya Jumanne, yaani mchezo kama mtambo ulivyoutunza siku hiyo. Maadui watatu wafufuliwe na kusomewa barua ya kuombwa radhi, ambayo nimekwisha kuiandaa, kurasa mbili. Na Desimali aelekezwe kusitisha furaha yake, huko safarini au popote atakapokuwa, hadi suala litakapoamuliwa kihalali.

Msalimie sana shemeji, na mwanao, na mkweo anayevumilia miluzi yako ya asubuhi. Mjukuu mbusu kwa niaba ya kikao kizima; hilo halihitaji kura.

Ni mimi, niliyetulia nikingoja zamu yangu,
Katibu.

Nyongeza: Chaki nyekundu ilikuwa mfukoni mwangu. Watatu niliowatuma stoo ndio wapingaji wa kila hoja, na ufunguo wa stoo, kama unavyojua, uliondoka nao wewe. Pedi niliitoa mimi, chini ya meza, nikamnong'oneza Bibi Mpishi, "Dada, mimi cheo kimenifunga mikono. Wewe huna cheo." Hifadhi ya Jumanne nimeifuta jana hiyohiyo, asije mtu akapata wazo la kusoma barua hii na kuitekeleza. Kuhusu ajenda usihangaike. Baada ya ushindi umefunguka uwanja mwingine, mkubwa mara mbili, na kila mtu amechagua jitu lake la kuendesha apendavyo. Hata wale watatu wa stoo, ingawa bado wamenuna. Mimi nimechukua lile nene.

Desimali hatujamuaga kama chama. Kumuaga kuliwekwa kwenye mengineyo, na tangu chama kianzishwe hatujawahi kufika kwenye mengineyo. Gari lake linaondoka kesho alfajiri. Mpigie simu leo.