Mtutu wa Baba, Inchi kwa Inchi

Jumanne, 7 Oktoba
Montana nzima haijapata kuzaa mpiga shabaha kama mimi, na hapo nimejipunguza. Leo nimewasomesha wazee kwenye uwanja wa shabaha. Nikawaambia mtutu mrefu unaichosha risasi njiani. Ufupishe, itatoka ingali na nguvu! Mzee Orrin, mwenye kipima kasi cha risasi, akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Akasema, "Wee dogo, kinachosukuma ni baruti! Mtutu mrefu, inasukuma zaidi. Nani kakudanganya?" Nikamjibu, kichwa changu. Akasema basi kinavuja. Wivu huo!
Msimu wa kuwinda elki, wale kulungu wakubwa, unakaribia. Baba atakuja, kaahidi. Mwaka jana pia aliahidi, ila ule ulikuwa mwaka mbaya.

Alhamisi, 9 Oktoba
Baba kapiga simu kutoka kwenye visima vya mafuta, North Dakota. Haji. Kapewa zamu za ziada. Nikasema hata mimi nimebanwa. Nimebanwa na nini, hakuuliza. Nikala maharage ya kopo, nimesimama. Bunduki yake ukutani inanitazama tu. Nina mpango!

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimeenda uwanjani na bunduki ya baba, msumeno wa chuma, na risasi tulizojaza wenyewe kwenye meza ya jikoni, baba akipima baruti, mimi nikivuta mkono wa mashine ya kujazia. Zote kipimo kimoja, hakuna kisingizio. Nikakata inchi ya mtutu, nikapiga tupa, nikafyatua. Kwenye kipima cha Orrin, kasi imeshuka! Inchi nyingine. Imeshuka tena. Upepo, nikasema. Inchi ya nne, baruti inamalizia kuungua nje: mwali kama wa tanuri, kishindo cha kung'oa meno! Orrin akaacha kucheka. Akasema, "Kijana, baba yako akisikia hili, atakuja kukuchuna ngozi."
Atakuja! Orrin kasema mwenyewe. Nimerudi nyumbani napiga mluzi. Nikabadilisha shuka za kitanda cha baba.

Jumapili, 12 Oktoba
Nimempigia baba simu. Nikatia chumvi, inchi nne nikazifanya sita. Nikaiweka simu mbali na sikio, nisubiri ngurumo. Akasema tu si neno, bunduki chukua wewe, yeye hana muda nayo tena. Akasema nivae soksi nzito. Akakata.
Bado nasema ni upepo. Orrin apime siku tulivu, aone! Na baba ana darubini ya bunduki ya gharama kabatini. Kesho naing'oa vioo vyote. Hilo hatalivumilia, lazima aje.
Kuhusu mtutu, sijakosea popote. Kilichoharibika ni kimoja tu: hakukasirika.