Beseni la Kwenda Nalo Joponi

Habari ilitoka kwenye redio ya Kinyozi, ikavuka kibaraza, ikamkuta Mama Birika anamimina kahawa. Wizara imeleta mageuzi: mtoto mwenye tatizo la lugha atapewa mwalimu wake wa kumsaidia shuleni, mradi afike mbele ya jopo ajieleze mwenyewe, kwa ufasaha, kwa nini anahitaji msaada.

Mama Birika akaliweka birika chini. Jopo la mtaa wao lilikuwa linakaa mchana huohuo. Mjukuu wake alikuwa hapo kwenye kigoda, anapanga vikombe, vyenye ufa huku, vizima kule. Miaka minane, akili kama wembe, ila maneno humtoka kama maji ya bomba lililokatiwa: linakohoa kwanza, ndipo litiririke. Na shule imeshasema, asipopata mwalimu huyo atarudishwa chekechea.

"Hebu rudia. Kwa nini?" aliuliza Spika, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hana kitufe cha kumzimia.

"Kwa ufasaha," Kinyozi alijibu, mkasi mkononi.

"Yaani umevunjika mguu, unaambiwa magongo yapo, panda ghorofa ya nne ukayachukue."

"Na ukifika juu unaambiwa, mbona umepanda vizuri tu, haya shuka."

"Mtoto akijieleza, amepona. Asipojieleza, wanaandika haku..."

"Hakufika," Kinyozi akamalizia.

Mama Birika akamnyooshea kidole. Kijiwe kile kina sheria moja, na ni yake: anayemkatiza mwenzake huosha vikombe vya wote. Ndiyo maana mikono ya Spika ni misafi kuliko ya mkunga.

Mstaafu, aliyefundisha mpaka akasahau kunyamaza, alikohoa. "Zamani hatukuwa na mambo haya. Mtoto mzito tulimweka nyuma ya darasa, kazi imekwisha."

"Akaishia wapi?" Kinyozi aliuliza.

"Nyuma."

"Mtaalamu huyo," alisema Spika. "Wamtie kwenye jopo, ana sifa zote."

"Mimi siendi," alisema Mama Birika taratibu. "Simpeleki mjukuu wangu akachekwe na watu wa viti vya kuzunguka."

"Usisuse, mama. Kususa ni kwako, hasara ni ya mtoto. Ngoja tumnoe hapahapa." Spika akamgeukia msichana. "Mjukuu, ukifika pale utasema nini?"

Mtoto akaacha vikombe. "Mi... mi..."

"Mimi naitwa," Spika akamsaidia.

"Siyo, anataka kusema mimi naomba," Kinyozi akadakia.

"Na... na..."

"Nakaa na bibi yangu. Aanze na nyumbani, awalize kwanza," alisema Spika.

"Aanze na salamu," Mstaafu alikatiza. "Mtoto hana hata salamu, mnamrukisha kwenye machozi."

Wakaigombea sentensi ya mtoto kama kuku na punje moja, mpaka mwenye sentensi akafumba mdomo, akarudi kwenye vikombe vyake. Hakuna aliyeona, isipokuwa bibi yake.

Beseni likatua katikati yao, maji yakawarukia magotini.

"Osheni. Wote watatu."

"Lakini mama, tulikuwa tunamsaidia."

"Na wale wa jopo wanasema hivyohivyo."

Wakainama. Povu likapanda, kikombe kikagonga kikombe, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi kijiwe kikawa kimya. Ndani ya kimya hicho ikatoka sauti ndogo.

"Bi... bibi."

Mama Birika hakuitika kwa mdomo. Alichuchumaa tu, akangoja.

"Be... be..."

Spika akafumbua kinywa. Kinyozi akamtilia kikombe kingine mkononi.

"Beseni," alisema mtoto. Akavuta pumzi, na safari hii bomba likafunguka. "Tuende nalo."

Mama Birika akamwaga maji. Akalifuta beseni kwa upindo wa nguo yake, akalibana kiunoni, akamshika mtoto mkono.

"Hao wa jopo ni wengi?"

"Wengi, mama," alisema Kinyozi, "na wote ni wasemaji."

"Basi nipe na sabuni."